Simba wa Chuma

Chikombe,
12 Mei 2002

Mjomba Nassoro,

Shikamoo. Mama anasema nikwambie dada yako bado anakwenda kwa miguu yake miwili, ingawa wa kushoto unamsumbua mawingu yakikusanyika. Mke wangu Somoe amejifungua mtoto wa kike tarehe 28 Aprili, nyumbani, salama. Mihogo ya bondeni imechimbwa na nguruwe pori, ya juu imepona. Mikorosho tunasubiri itoe maua.

Boksi la kanda limefika. Kanda sita, hakuna iliyovunjika. Uliandika kwamba muuzaji wa Kariakoo aliapa ni karate. Si karate. Ni za Kijapani mwanzo hadi mwisho, na ndani yake mna roboti mrefu kuliko minazi mitatu ikiunganishwa. Profesa mwenye koti jeupe anataka kuiangamiza dunia, sababu hatuijui. Anatuma dude la mpira. Dude linabomoa mji, na mji wenyewe ni maboksi. Gari likirushwa unaona matairi hayazunguki. Ukilitazama dude mgongoni utaiona zipu. Ndipo stelingi anainua mkono, anaongea na saa yake, na roboti anatoka baharini maji yakimchuruzika. Kabla ya kupigana anapiga pozi, na dude linamsubiri kwa heshima mpaka amalize. Katika kanda ya nne, inayopendwa kuliko zote, profesa anaiba ile saa, na roboti anakuwa wake.

Kwenye kibanda changu cha video natafsiri mimi. Nasimama kando ya TV na fimbo, sauti nimeipunguza. Unajua Kijapani sijui hata cha kuombea maji. Natunga.

Uliniagiza nikiandika niweke tarehe, idadi na maneno yenyewe. Jumamosi tarehe 4, saa kumi alasiri, watu sitini na mmoja. Roboti alipotoka baharini, Fatuma, mke wa Abdallah jirani yetu, aliuliza kwa sauti: "Omari, huyo ni mtu au jini? Mbona hana makalio?"

Nikasema, "Si mtu. Ametengenezwa."

"Na nani?"

"Na mwenye saa. Anamtengeneza, anamtuma, kazi ikiisha anamrudisha."

"Aa! Si useme basi. Huyo simba!"

Kibanda kizima kikalipuka kwa kicheko. Umekaa Dar miaka ishirini na tano, lakini najua hujasahau: huku simba akila mtu, swali la kwanza ni nani kamtengeneza na kumtuma. Tangu siku hiyo roboti anaitwa simba wa chuma.

Profesa nimempa sauti ya Mzee Anold. Hujapata kumwona. Ni bwana shamba mstaafu, mtu wa Njombe, aliyemaliza kazi akabaki hapa peke yake. Msimu wa salfa ukifika hutoka kabla ya jua, wakati umande bado uko kwenye maua, kavaa kitambaa cha pua na miwani ya plastiki, mashine inanguruma mgongoni, anapulizia mikorosho ya watu. Kila anachosema huanza na "Kwa mujibu wa utafiti". Basi profesa akiinua saa nasema: "Kwa mujibu wa utafiti, Tokyo lazima iangamie!" Watu wanagaragara. Mzee Anold mwenyewe alicheka hadi akakohoa, akaniambia, "Umenionea, Omari. Mimi ningeanza na Nanyamba."

Ukipata nyingine za namna hii, tuma.

Mpwa wako,
Omari


Ilala, Dar es Salaam,
4 Juni 2002

Mpwa wangu Omari,

Marahaba. Hongera kwa mtoto. Hukuandika jina lake, na jina ndilo la kwanza kuandikwa. Mke wangu amehamishiwa shule ya Temeke, hapendi. Mimi nakohoa, daktari anasema ni sigara, sikumbishia wala sikumtii. Mwambie dada mafuta ya kuchua mguu yako ndani ya mfuko huu pamoja na kanda mbili. Safari hii nimefungua na kutazama. Katika moja, roboti anapigana na kaa mkubwa, na uzi unaomshikilia kaa unaonekana wazi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti hapa ofisini. Walicheka sana. Nijibu haya: kibanda kina ukubwa gani, TV ni ya inchi ngapi, na hao watu sitini na mmoja, wangapi wazee. Tena niandikie hasa alivyosema yule mama kuhusu simba, neno kwa neno, kama hukulikosea.

Jambo moja la kikazi. Profesa mtungie sauti yake. Mtu aliye hai mwache na ya kwake.

Mjomba wako,
Nassoro


Chikombe,
7 Julai 2002

Mjomba,

Shikamoo. Mtoto anaitwa Zuhura. Anaongezeka. Mama amechua mguu kwa mafuta yako na anasema yananuka kama basi, lakini yanafaa. Mikorosho imetoa maua vizuri mwaka huu.

Narudia niliyompa dereva aliyeleta mfuko wako: kibanda ni hatua kumi kwa saba, TV inchi ishirini na moja, wazee kumi na wanne.

Fatuma amefariki. Ni yule aliyeuliza kuhusu makalio. Jumamosi tarehe 29 Juni, saa kumi na moja na nusu alfajiri, alikuwa akishuka kutoka kwenye dungu alilolala kulinda mihogo. Abdallah alisikia ukelele mmoja tu. Tulifuata nyayo, wanaume kumi na tisa, hadi kwenye mikoko ya mdomo wa mto. Hapo maji yalikuwa yamejaa. Tulimzika jioni. Tulichozika sitakiandika.

Askari wawili wa wanyamapori walikuja, wakakaa siku tatu, wakasema ni simba mmoja, dume, mzee, huenda kaogelea kutoka ng'ambo ya mto. Wakaondoka.

Alfajiri hiyo Mzee Anold alikuwa akipulizia mikorosho, mwendo wa hatua mia tatu kutoka kwenye dungu. Anasema hakusikia lolote kwa sababu ya mashine. Watu walimwona akirudi peke yake, njano ya salfa kuanzia kofia hadi viatu, hana hata mkwaruzo. Mimi pia nilimwona.

Kibanda nilikifunga wiki nzima. Jana walitaka nifungue, wakasema nyumba zimejaa kimya. Abdallah alikuja akakaa mbele. Walitaka kanda ya nne. Hakuna aliyecheka. Profesa alipoinua saa, Abdallah akasema, "Hapo. Rudisha."

Nikarudisha.

"Hapo anasema nini?"

"Anamwita."

"Kwa maneno gani?"

"Anasema njoo."

"Haya. Rudisha tena."

Nilirudisha mara tano. Halafu akanishukuru, akatoka kabla haijaisha.

Omari


Ilala,
21 Julai 2002

Omari,

Marahaba. Kwanza pole, na umpe Abdallah pole yangu. Nilikuwa Kigoma siku kumi, barua yako nimeikuta mezani jana. Zuhura ni jina zuri. Hapa hatuna jipya, isipokuwa mwenye nyumba amefariki na wanawe wanagombana uani kwetu.

Nakuuliza, kwa kuwa hukuligusia: sauti ya profesa umeibadilisha au la?

Fanya haya bila kuchelewa. Acha kuonyesha. Usiseme jenereta mbovu wala kanda zimekatika, acha tu. Kisha siku watu wakikusanyika, msikitini au mkutanoni, simama useme kwamba Kijapani hujui, na kila neno ulilosema mle ndani ulilitunga. Siku zote watu wamekusikia ukisema kwa niaba ya mashine. Sasa wakusikie ukisema kwa niaba yako.

Simba mzee hula watu kwa sababu meno yameoza, hawezi kukamata nyati. Niliandika habari za namna hii Tunduru mwaka 1986. Watu kumi na wawili walikufa kwa simba na watatu kwa mikono ya majirani zao. Simba alipatikana. Wale majirani hawakupatikana.

Kuna jambo jingine nitakuandikia baadaye.

Nassoro


Chikombe,
10 Agosti 2002

Mjomba,

Shikamoo. Zuhura alipata homa, imepita. Mama hajambo.

Juma Likomba, kijana wa upande wa kisimani, aliuawa Jumamosi tarehe 3 Agosti, alfajiri, akienda kutazama mitego. Mzee Anold alikuwa shambani kwa Selemani, akipulizia. Alirudi mzima.

Mimi niliwaambia watu jenereta imeharibika. Najua ulivyoandika.

Tarehe 7 mnunuzi mmoja kutoka mjini alikuja na gazeti la Jumapili la mwezi Juni. Alhamisi tarehe 8 mtendaji wa kijiji alilisoma mkutanoni. Kichwa cha habari: "Simba wa Kutengenezwa Atua Chikombe kwa Video". Mle mna kibanda cha hatua kumi kwa saba, na TV ya inchi ishirini na moja, na mama aliyesema "Huyo simba". Mna bwana shamba mstaafu "ambaye kijiji kizima kinaamini ndiye mwenye saa". Mtendaji alisoma kwa sauti nzuri. Nadhani mwandishi alikusudia mzaha. Huku hakuna aliyecheka. Abdallah alisimama akasema, "Kwa hiyo Dar walijua tangu Juni. Sisi tumejua Agosti, tumeshazika wawili." Watu wakasema ikishaandikwa gazetini basi serikali imethibitisha.

Sikuuliza mwandishi ni nani.

Wamemnyang'anya Mzee Anold mashine. Walipekua chumba chake. Walikuta saa ya mkononi, ya kawaida, imesimama. Imewekwa ofisini kwa mtendaji ndani ya kopo la maziwa, kopo limefungwa kwa waya. Yeye kaambiwa asitoke nyumbani. Vijana sita wanakaa mlangoni kwa zamu. Abdallah ameagiza mtaalamu kutoka ng'ambo, atafika tarehe 25. Anasemekana humpa mtu dawa anywe, mwenye simba hufa, asiye na simba hutapika. Hakuna anayekumbuka kuona mtu akitapika.

Mwaka huu Mzee Anold ametimiza miaka sitini na nane. Tarehe 9 walimruhusu kwenda chooni, akapita kwangu, vijana wawili nyuma yake. Hakuingia ndani.

Akasema, "Omari, mimi sitasema. Nikisema mimi ni mtuhumiwa anajitetea. Sema wewe. Sema yale maneno yalikuwa yako."

Nikamwambia, "Nitasema Ijumaa baada ya swala."

"Ijumaa ni leo, mwanangu."

"Nitasema leo."

Sikusema.

Omari


Ilala,
17 Agosti 2002

Omari,

Barua yako imefika jana saa tisa. Salamu nitaziandika siku nyingine.

Makala ni yangu. Aya tisa, safu ya Jumapili, tarehe 23 Juni. Niliiandika kutokana na barua yako ya Mei na majibu mafupi uliyompa dereva mwezi Juni, na wewe sikukuomba ruhusa. Jina la Anold sikuliandika. Niliandika "bwana shamba mstaafu", nikajihesabu mwangalifu. Chikombe mna bwana shamba mstaafu mmoja. Kwamba kijiji "kinaamini", hilo hukuniambia. Nililiongeza ili sentensi ikae vizuri.

Leo asubuhi nimemwomba mhariri tuchapishe masahihisho. Akasema hakuna aliyelalamika na hakuna jina lililotajwa. Kwa kanuni zetu yuko sahihi. Nimepiga simu Mtwara, askari wa wanyamapori wameahidi kurudi. Tarehe hawakutaja.

Kwa hiyo umebaki wewe. Mtaalamu anafika tarehe 25. Sema kabla yake, mbele ya watu wote, Abdallah akiwapo. Usitumie mafumbo wala usiombe radhi kwa maneno mengi. Sema hivi: sauti ni yangu, maneno ni yangu, Anold hahusiki. Mara tatu, ili hata walio nyuma wasikie. Pamoja na barua hii kuna karatasi yenye sahihi yangu, inayosema makala ilikuwa ya kuchekesha na sehemu yake si kweli. Mpe mtendaji aisome kwa sauti ileile nzuri.

Barua hii namkabidhi dereva mkononi. Amesema siku tatu hadi Mtwara barabara ikikubali. Kutoka hapo hadi kwako sina ninayemjua.

Nassoro


Chikombe,
5 Septemba 2002

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Somoe na Zuhura wamekwenda Nanyamba kwa wakwe zangu tarehe 27. Mama amekataa kwenda. Anasema hii ni nyumba ya mama yake na hawezi kuondolewa na watu aliowapokea wakizaliwa.

Barua yako ilinifikia Jumamosi tarehe 24, saa nane mchana, baada ya kulala siku mbili dukani Mahurunga. Mtaalamu alikuwa ameshavuka, amekaa kwa Abdallah, anatwanga dawa. Nilikwenda kwa mtendaji nikamwomba mkutano. Alasiri ileile watu wakaitwa. Nilihesabu hadi mia moja na arobaini nikaacha.

Mtendaji alisoma karatasi yako. Kijana mmoja akauliza, "Huyu Nassoro ni nani?" Mtendaji akajibu, "Ni mjomba wa Omari." Watu wakatazamana. Hilo hatukulifikiria, mjomba, si wewe wala mimi.

Nikasimama. Nikasema Kijapani sijui. Nikasema sauti ya profesa ni yangu, maneno ni yangu, Mzee Anold hahusiki. Nilisema mara tatu kama ulivyoagiza.

Abdallah aliuliza kwa upole, "Omari, kule ndani profesa aliposema njoo, aliyesema ni nani?"

"Mimi."

"Si mzungu wa kwenye TV?"

"Ni Mjapani. Hapana, si yeye. Mimi."

"Nilipokwambia urudishe, ulisema mara ngapi?"

"Mara tano."

"Na Juma Likomba alikufa baada ya hapo au kabla?"

"Baada. Lakini Fatuma alikufa kabla, Abdallah. Unajua."

"Kabla ulikuwa unasema kila Jumamosi. Mke wangu alikufa Jumamosi. Juma alikufa Jumamosi." Akawageukia watu. "Mmesikia wote. Hakupigwa, hakutishwa. Kasema mwenyewe, mara tatu."

Nikasema ule ulikuwa mchezo. Mwanamke mmoja akasema nyuma, "Fatuma alikuwa anacheza?" Mtu akadakia, "Na mjomba wake alitangaza Juni." Nilijaribu kueleza kuhusu zipu, na uzi wa kaa, na gari lisilozungusha matairi. Nilijisikia nikieleza. Hapakuwa na mtu anayenitazama usoni, walikuwa wanatazama mkono wangu. Nilikuwa nimeinua wa kushoto nilipoongea, kama ninavyofanya kibandani.

Mzee Anold aliachiwa palepale. Walimrudishia mashine, na saa pia, ndani ya kopo lake. Abdallah mwenyewe alimshika mkono akamwomba radhi. Mzee alinitazama, akaanza kusema, "Kwa mujibu wa..." Hakumaliza.

Mtaalamu alikataa kunipa dawa. Kasema dawa aliyotwanga ilikuwa ya mzee, ya kijana ni nyingine, na mzizi wake uko ng'ambo. Alivuka tarehe 26 kuufuata. Atarudi. Mtendaji ameniambia nisitoke kijijini mpaka jambo liishe. Kasema ni kwa usalama wangu. Wale vijana sita sasa wanakaa kwangu.

Tangu nilipokiri hadi leo ni siku kumi na mbili. Simba hajala mtu. Hajasikika. Asubuhi watu wanasalimiana, "Hajaja?" "Hajaja," na wanageuka kunitazama. Mwanzoni niliomba asije. Sasa sijui niombe nini. Akikaa kimya, mwenyewe amembana. Akija, mwenyewe amemwachia.

Askari wa wanyamapori hawajafika.

Barua hii anaileta Mzee Anold hadi Naliendele, ndiye pekee anayeruhusiwa kupita. Aliomba mwenyewe. Usiandike lolote gazetini. Njoo, na usije peke yako.

Nimeifungua tena bahasha niongeze hili. Leo, tarehe 6, alfajiri simba amepita. Nyayo zimekuja kutoka mikokoni, zimepita nyuma ya kibanda cha video, zikaingia pale penye udongo mgumu ambapo hata tembo hawezi kuacha alama. Hazikutokea upande wa pili; nadhani amegeuka akafuata ukingo wa udongo huo. Hatua mbili mbele, mchanga unapoanza tena, zinaanza alama za malapa yangu. Ninapita hapo kila asubuhi kwenda chooni. Nilipita na leo, kabla sijaziona.

Abdallah ameziwekea miiba pande zote zisikanyagwe. Watu wanakuja mmoja mmoja. Nawaona kupitia mlangoni, uko wazi, vijana hawataki nifunge. Hawapigi kelele. Wanatazama nyayo zinapoishia, wanatazama malapa yanapoanzia, halafu wanatazama huku.

Mzee Anold anasubiri bahasha.

Omari